Maswali Matatu ya Forodha: Haki ya Mwananchi wa Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa Kuuliza Kabla ya Kulipa

Katika madarasa yetu ya itikadi tumezoea kuzungumzia kodi kwa jumla. Tunasema Taifa lisilokusanya kodi haliwezi kujitegemea, na tunasema mwenye nacho achangie zaidi kuliko asiye nacho. Hayo ni kweli, na hatuna haja ya kuyarudia hapa. Lakini kodi haikusanywi kwa jumla. Inakusanywa juu ya gunia fulani, injini fulani, robota fulani la mitumba, siku fulani, na mtumishi fulani aliyeketi mezani na kitabu cha viwango. Katika kila tendo la namna hiyo kuna maswali matatu. Kitu hiki ni kitu gani? Kimetoka wapi? Kina thamani gani? Anayeweza kuyajibu maswali hayo kwa maandishi ana nguvu. Asiyeweza hulipa anachoambiwa, ama na Serikali, ama na mtu aliyesimama kati yake na Serikali.

Makala hii inaeleza jinsi maswali hayo yanavyojibiwa kisheria, na hasa jinsi mwagizaji anavyoweza kuyapatia jibu la maandishi kabla mzigo haujafika. Tumechagua kuitazama kazi hiyo tukiwa Mbinga na ufukweni mwa Ziwa Nyasa, Lituhi, Liuli, Mbamba Bay, kwa sababu mbili. Kwanza, mkulima wa kahawa wa Umatengo na mvuvi wa usipa ni watu wa uchumi wa dunia tangu zamani, ingawa hawaitwi hivyo. Kahawa yao inanywewa mbali, na mitambo, mbolea, nyavu na injini zao zinatoka mbali. Pili, ng'ambo ya ziwa ni Malawi, kusini ni Msumbiji, na nchi hizo mbili haziko katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwananchi wa mwambao huu anaishi kwenye ukuta wa nje wa Jumuiya. Mafunzo mengi ya forodha yanayotolewa nchini yanaandikwa kwa ajili ya mtu wa Namanga au Mutukula, kisha yanapelekwa Mbamba Bay bila kubadilishwa. Matokeo yake yanapotosha.

MWAGIZAJI ALIKUWA NANI

Ili tuelewe hali ya leo, yatupasa kukumbuka kwamba kwa miaka mingi mwananchi wa kawaida hakuwa mwagizaji wa bidhaa kutoka nje. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, kampuni kubwa za kuingiza na kutoa bidhaa nchini zilitaifishwa na kuundwa Shirika la Biashara la Taifa. Mwaka 1973 shirika hilo lilivunjwa na kazi yake ya kusambaza bidhaa ikapewa kampuni za biashara za mikoa. Katika utaratibu huo maswali matatu ya forodha yalijibiwa na chombo cha umma kikijibizana na chombo kingine cha umma. Mkulima alikuta jembe dukani likiwa na bei, au hakulikuta.

Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Mwaka 1977 Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilikufa, na idara ya forodha ya pamoja ikafa nayo. Vikafuata vita vya Kagera, bei ya mafuta, na uhaba. Hapo ndipo magendo yalipostawi. Mwaka 1983 Waziri Mkuu, Ndugu Edward Sokoine, aliongoza kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, na bidhaa nyingi zilizofichwa zikafichuka. Kampeni ile ilikuwa ya haki. Hata hivyo, bajeti ya mwaka uliofuata, 1984, iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa. Sisi tunaona matukio hayo mawili hayapaswi kufundishwa mbalimbali, kama ilivyo desturi. La kwanza lilionyesha ubaya wa mlanguzi. La pili lilikiri kwamba mlanguzi hulishwa na uhaba.

Kuanzia hapo mwagizaji anaweza kuwa mtu yeyote: mwenye duka, kikundi cha akina mama, chama cha msingi cha ushirika, kijana mwenye boti. Mwaka 1995 ikatungwa sheria ya kuanzisha Mamlaka ya Mapato Tanzania, nayo ikaanza kazi tarehe 1 Julai 1996. Mlango wa uagizaji ulifunguliwa kwa wengi, lakini elimu ya kuupita ilibaki kwa wachache. Pengo kati ya mambo hayo mawili ndilo linalomlisha mtu wa kati hadi leo.

UKUTA WA NJE

Itifaki ya Umoja wa Forodha ilitiwa saini Arusha tarehe 2 Machi 2004, na umoja huo ukaanza Januari 2005. Sheria inayotawala ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Kwa hiyo mtumishi wa forodha wa Mbamba Bay na mwenzake wa Mombasa wanafuata vifungu vilevile. Viwango vya ushuru kwa bidhaa zitokazo nje ya Jumuiya navyo ni vya pamoja. Hapo awali vilikuwa vitatu: asilimia 0 kwa malighafi na mitambo mingi, asilimia 10 kwa bidhaa za kati, na asilimia 25 kwa bidhaa zilizokamilika. Tangu tarehe 1 Julai 2022 kuna kiwango cha nne cha asilimia 35, kwa bidhaa ambazo Jumuiya inaweza kuzitengeneza kwa wingi. Juu ya hapo ipo orodha ya bidhaa nyeti zenye viwango vya juu zaidi, kama mahindi kwa asilimia 50 na mchele kwa asilimia 75.

Viwango hivyo havikai kama vilivyoandikwa. Kila mwaka wa fedha nchi wanachama huomba kuachana kwa muda na kiwango fulani kwa bidhaa fulani, na mabadiliko hutangazwa katika Gazeti la Jumuiya kuanzia tarehe 1 Julai. Anayeshika karatasi ya mwaka jana anaweza kuwa amekosea bila kosa lolote la moyo.

Sasa tazama tofauti. Mama anayevuka Namanga na nyanya zilizolimwa Kenya hapaswi kutozwa ushuru wa forodha, na kama mzigo wake hauzidi dola 2,000 za Marekani anaweza kutumia cheti chepesi cha uasili kinachotolewa hapohapo mpakani. Cheti hicho ni cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwenzake aliyepakia mzigo Nkhata Bay kuja Mbamba Bay hana haki nacho, kwa kuwa Malawi si mwanachama. Kinachomhusu yeye ni Eneo Huru la Biashara la SADC, lililoanza mwaka 2008, ambalo Tanzania, Malawi na Msumbiji zote zimo. Nafuu ya SADC inadaiwa kwa cheti cha uasili cha SADC, kinachotolewa na mamlaka ya nchi mzigo ulikotoka. Na nafuu ya COMESA je? Malawi imo COMESA, lakini Tanzania ilijitoa mwaka 2000. Tunayataja haya kwa urefu kwa sababu ndiyo yanayochanganywa zaidi, hata na watu wanaojiita wajuzi.

KITU KIMETOKA WAPI

Kosa la kwanza katika swali la uasili ni kudhani kwamba bidhaa ni ya nchi iliponunuliwa. Sivyo. Bidhaa ni ya nchi ilipozalishwa, au ilipogeuzwa kwa kiasi cha kutosha kwa mujibu wa kanuni. Mahindi yaliyolimwa Malawi ni ya Malawi. Kitenge kilichofumwa China kikauzwa sokoni Nkhata Bay ni cha China, na kukivusha ziwa hakukibadilishi. Mfanyabiashara mdogo akiambiwa alipe ushuru kamili kwa kitenge hicho huona ameonewa, hasa akikumbuka hotuba zetu juu ya soko huru la kusini mwa Afrika. Hajaonewa. Ameachwa bila kuelezwa, na hilo ni kosa la aina nyingine.

Kanuni hiyo ina maana ya kiuchumi ambayo kada anapaswa kuishika. Kama uasili ungefuata mahali pa kununulia, kila kiwanda cha mbali kingetafuta bandari moja legevu katika eneo zima na kuingizia bidhaa hapo, na viwanda vyetu vingekufa huku tukishangilia undugu. Kanuni ya uasili inalinda jasho la anayezalisha.

Lakini cheti cha uasili hakishindi kila kitu. Machi 2025 Malawi ilizuia kuingizwa nchini mwake kwa bidhaa kadhaa, zikiwamo unga wa mahindi, mchele, tangawizi na ndizi. Aprili mwaka huohuo Tanzania ilijibu kwa kuzuia mazao ya kilimo kutoka Malawi, pamoja na yale ya Afrika Kusini ambayo nayo ilikuwa imezuia ndizi zetu, na siku chache baadaye zuio letu likaondolewa ili kupisha mazungumzo. Wote walikuwa wanachama wa SADC, na vyeti vilikuwa halali. Zuio ni tendo la dola, na ushuru ni jambo lingine. Mwenye mzigo wa mchele ufukweni wakati kama ule hana la kuuliza kwa mtumishi wa forodha isipokuwa tarehe. Viongozi wa vijiji vya mwambao walipaswa kuwa wa kwanza kuwaeleza wananchi tofauti hiyo. Wengi walinyamaza wakisubiri barua.

KITU HIKI NI KITU GANI

Hili ndilo swali gumu, na ndilo lenye fedha nyingi ndani yake. Bidhaa zote duniani zimepangwa katika mfumo mmoja wa namba, chini ya mkataba wa kimataifa ulioanza kutumika tarehe 1 Januari 1988, ambao hurekebishwa kila baada ya miaka kadhaa. Toleo la mwaka 2022 ndilo lililowekwa katika kitabu cha ushuru cha Jumuiya cha mwaka huo. Tarakimu sita za mwanzo ni zilezile Tokyo na Songea.

Tuanze na kitu kinachojulikana kila nyumba ya Umatengo. Kahawa ambayo haijakaangwa ina namba 0901.11. Ikikaangwa inakuwa 0901.21. Ikigeuzwa kuwa kahawa ya kuyeyuka katika maji, inahama kabisa sura na kuwa chini ya 21.01. Ni buni ileile iliyochumwa kwenye mteremko mmoja. Kinachobadilika ni kazi iliyoongezwa juu yake, na namba inafuata kazi. Kwa namba hizo Umoja wa Ulaya kwa kawaida hautozi ushuru kwa kahawa mbichi, bali hutoza asilimia 7.5 kwa iliyokaangwa. Tanzania, kwa kuwa imo katika kundi la nchi zenye maendeleo duni, haidaiwi ushuru huo. Lakini kada anayetaka kuona kwa macho jinsi nchi tajiri zilivyojenga utaratibu wa kupokea malighafi na kuzuia viwanda vya wengine, asitafute nadharia nzito. Afungue kitabu cha ushuru, asome safu hizo mbili.

Turudi kwenye uingizaji. Chama cha msingi cha ushirika kinataka magunia ya jute ya kufungashia kahawa. Gunia lililokwisha shonwa liko chini ya 63.05. Kitambaa cha jute ambacho hakijashonwa kiko chini ya 53.10. Mtu akiandika kwenye ankara neno "gunia" wakati mzigo ni majora ya kitambaa, amejibu swali vibaya kabla mtumishi hajauliza.

Au chama hichohicho kina mtambo wa kumenya kahawa na kinaagiza vipuri. Katibu huandika "vipuri vya mtambo wa kahawa", akiamini kwamba vyote vitafuata mtambo. Kanuni zinasema kipuri kinachofaa kwa mtambo huo tu, au hasa kwa mtambo huo, ndicho kinachoufuata. Lakini beringi ina namba yake, 84.82, popote itakapofungwa. Mkanda wa kuendeshea uliotengenezwa kwa mpira ni 40.10. Skrubu na bolti za chuma ni 73.18. Sanduku moja, namba tatu au nne, na huenda viwango vya ushuru vikatofautiana. Kinyume chake, baiskeli iliyofunguliwa vipande vipande ili ienee katika sanduku bado ni baiskeli, kwa sababu kanuni ya pili ya ufasiri inasema kitu kilicholetwa bila kuunganishwa kihesabiwe kama kilichounganishwa. Wapo waliodhani wamegundua ujanja katika jambo hili. Ujanja huo ulikwisha kufikiriwa na watunga kanuni zamani.

Tofauti ya namba ina uzito gani mfukoni? Chukua mzigo wenye thamani ya forodha ya shilingi 1,000,000. Ukiainishwa katika asilimia 10, ushuru ni shilingi 100,000. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 inahesabiwa juu ya thamani pamoja na ushuru, yaani juu ya shilingi 1,100,000, nayo ni shilingi 198,000. Jumla ni 298,000, ukiacha ada na tozo nyingine. Mzigo huohuo ukiainishwa katika asilimia 25, ushuru ni 250,000, kodi ya ongezeko la thamani ni 225,000, na jumla ni 475,000. Tofauti ni shilingi 177,000 kwa kila milioni. Kwa chama cha wakulima kinachokopa benki ili kununua mtambo, tofauti hiyo inaweza kuamua kama mtambo utafungwa msimu huu au la.

KINA THAMANI GANI

Juu ya thamani tutasema machache. Sheria, katika kifungu cha 122 na Jedwali la Nne, inafuata mkataba wa Shirika la Biashara Duniani. Njia ya kwanza ni bei iliyolipwa kweli au itakayolipwa kwa mzigo huo, pamoja na nyongeza zilizotajwa kama gharama za kusafirisha na bima. Hiyo isipokubalika, zipo njia nyingine tano, nazo hufuatwa kwa mpangilio: bei ya bidhaa zinazofanana kabisa, kisha zinazokaribiana, na kuendelea hadi ya mwisho. Mtumishi hana ruhusa ya kuruka moja kwa moja hadi kwenye bei anayoiona ni ya kawaida. Mkataba huo unakataza pia thamani za chini zilizopangwa kiholela. Lakini mtumishi ana haki ya kutilia shaka ankara na kudai ushahidi zaidi, na hapo mwagizaji aliyelipa kwa fedha taslimu mkononi, bila hati ya benki, anakuwa hana cha kuonyesha. Migogoro mingi ya thamani huanzia hapo. Wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka Mei 2023 hadi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda kuwasikiliza, forodha ilikuwa miongoni mwa malalamiko yao. Mkubwa wa Kariakoo hufunga duka na kusikilizwa. Mvuvi wa Liuli hana duka la kufunga.

UAMUZI WA AWALI

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini. Kifungu cha 248A cha Sheria ya Forodha ya Jumuiya kinampa mtu haki ya kumwomba Kamishna uamuzi wa awali, kwa maandishi, juu ya uainishaji, uasili au thamani ya bidhaa anayokusudia kuiingiza. Jambo hilo limo pia katika Mkataba wa Uwezeshaji wa Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika tarehe 22 Februari 2017, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mkataba huo unazilazimisha nchi kutoa uamuzi wa awali juu ya uainishaji na uasili, na kuzihimiza kufanya hivyo juu ya njia ya kupata thamani.

Uamuzi wa awali si ushauri wa mdomo. Ni neno la Mamlaka linaloifunga Mamlaka yenyewe kwa mwombaji huyo na kwa bidhaa hiyo, ilimradi maelezo aliyoyatoa yalikuwa ya kweli na sheria haijabadilika. Mtumishi wa zamu hawezi kuamka na fikra mpya akautupa. Kinyume chake, mwombaji aliyeficha jambo hana ulinzi wowote, na uamuzi uliotolewa juu ya maelezo ya uongo unaweza kufutwa tangu mwanzo. Vilevile Mamlaka inaweza kukataa kuamua jambo ambalo tayari liko mbele ya ofisi nyingine au mahakama. Kwa hiyo yapasa kuuliza mapema, kabla ya ugomvi.

Maombi mazuri yana nini? Yana maelezo ya kitu kama mtu anayemweleza ambaye hajapata kukiona: kimetengenezwa kwa nini, kinafanya kazi gani, kinaendeshwa na nini, kinafungashwaje. Yana picha, kijitabu cha kiwanda, ankara ya awali, na sampuli ikiwezekana. Yana namba ambayo mwombaji mwenyewe anadhani ndiyo sahihi, na sababu zake. Katibu wa chama cha msingi aliyemaliza kidato cha nne anaweza kuandika barua hiyo. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu tumewasikia makada wakisema kwamba mambo ya namba za forodha ni ya wataalamu. Fundi anayeufungua mtambo wa kumenya kahawa kila msimu anaujua kuliko mtaalamu yeyote. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa naye na kuandika anayoyasema.

Wapo pia wandugu wanaotupinga kwa hoja ya itikadi. Wanasema kumfundisha mwagizaji kuuliza namba yenye ushuru mdogo ni kumfundisha bepari mdogo kukwepa wajibu wake kwa Taifa. Hoja hii inasikika kali, lakini inachanganya mambo mawili. Anayekwepa anaficha kitu, na anayeuliza anakiweka mezani pamoja na picha yake. Aliyeuliza akajibiwa asilimia 25 hana tena mlango wa kusema hakujua. Serikali inapata kodi yake yote, tena bila ugomvi. Anayepata hasara ni yule aliyekuwa akiuza kutokujua kwa wenzake.

Upungufu wa kweli uko kwingine, nao lazima usemwe. Sheria yenyewe imeandikwa kwa Kiingereza, na maamuzi yanatolewa na Kamishna, mbali na ziwa. Nchi hii mwaka 2021 ilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Sheria ya Jumuiya haikuguswa na mabadiliko hayo. Mvuvi wa Mbamba Bay ana haki ambayo imeandikwa katika lugha ya mtu mwingine.

WAKALA

Wakala wa forodha ana leseni chini ya kifungu cha 145, na kazi yake ni halali na yenye manufaa. Hatuungani na wanaomwita kupe kwa jumla. Tamko linaingizwa katika mfumo wa kompyuta wa forodha, na mtu asiye na mafunzo ataharibu. Lakini uhusiano wake na mwenye mzigo una sheria zake. Kifungu cha 146 kinampa mtumishi uwezo wa kumtaka wakala aonyeshe idhini ya maandishi ya mwenye mali. Kifungu cha 147 kinamfanya wakala awajibike mwenyewe kwa ushuru na matendo yanayohusu mzigo anaoushughulikia. Na kifungu cha 148 kinasema mwenye mali anawajibika kwa matendo na matamko ya wakala aliyemwidhinisha.

Hicho cha mwisho ndicho wananchi wengi hawakijui. Wakala akitamka uongo ili kupunguza ushuru, akaweka tofauti mfukoni mwake, mwenye mzigo hatasalimika kwa kusema "mimi nilimwachia yeye". Tamko la uongo ni kosa chini ya kifungu cha 203, lenye kifungo kisichozidi miaka mitatu au faini isiyozidi dola 10,000 za Marekani. Ushuru uliopungua unaweza kudaiwa baadaye, hadi miaka mitano nyuma, kwa ukaguzi wa vitabu. Chama cha ushirika ambacho katibu wake amekwisha kubadilika mara tatu na mafaili yameliwa na mchwa hakina cha kujibu. Kwa hiyo kila mwenye mzigo adai kwa wakala nakala ya tamko, nakala ya tathmini, na stakabadhi ya malipo ya benki. Akinyimwa, atafute wakala mwingine kabla ya kuagiza mzigo wa pili.

Mambo haya yatazidi kuwa ya kila siku. Barabara ya lami ya kilometa 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay imekamilika. Meli za mizigo za MV Ruvuma na MV Njombe, kila moja ya tani 1,000, ziko ziwani tangu mwaka 2017. Wilaya ya Nyasa ilizaliwa mwaka 2012 kutoka Mbinga, makao yake Mbamba Bay, na Septemba 2024 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la bandari mpya hapo. Ni sehemu ya ushoroba wa Mtwara, ambao Tanzania, Malawi, Msumbiji na Zambia zilitia saini makubaliano yake mwaka 2004. Mizigo itakayopita hapo itakuwa mingi, na mawakala watafuata mizigo. Matawi ya Chama yasipoanza kufundisha sasa, watakaofundisha watakuwa wale wanaolipwa kwa kila hati.

MTU ASIPORIDHIKA

Uamuzi wa forodha si hukumu ya mwisho. Chini ya kifungu cha 229, mtu aliyeguswa moja kwa moja na uamuzi, au na kutokutenda kwa mtumishi, anaweza kumwomba Kamishna aupitie upya. Maombi yawe ya maandishi na yaeleze sababu, na yapelekwe katika siku 30 tangu tarehe ya uamuzi. Siku hizo hazianzi siku wakala alipokumbuka kumpigia simu mwenye mzigo. Kamishna naye ana siku 30 tangu apokee maombi kutoa jibu la maandishi pamoja na sababu zake. Asipojibu katika muda huo, sheria inahesabu kwamba maombi yamekubaliwa. Kwa sababu hiyo nakala ya barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, yenye tarehe, ina thamani kuliko barua yenyewe.

Wakati shauri linaendelea, mwenye mzigo anaweza kuomba aruhusiwe kuuchukua kwa kuweka dhamana. Hili ni muhimu kwa vitu kama mbolea, ambavyo vikikaa bohari hadi mvua zipite havina kazi tena. Asiporidhika na jibu la Kamishna, anakata rufani katika siku 45 chini ya kifungu cha 230. Kwa Tanzania rufani hiyo inaanzia Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi, na kwa hoja ya sheria hufika Mahakama ya Rufani.